Sindano Kali si Ngao ya Kila Mtoto

Imezuka kasumba katika wodi za watoto nchini, na wanaoistawisha zaidi ni watu waliosoma. Mtoto akilazwa kwa homa, mzazi ambaye ni mtumishi wa serikali au mwalimu huuliza kwanza kama mwanawe ameshachomwa "ile sindano kali", yaani seftriaksoni. Mganga wa zamu, aliyechoka na mwenye kuogopa lawama, huona heri aiandike. Ikishaandikwa Jumatatu, huendelea hadi siku ya kuruhusiwa bila mtu kuuliza sababu.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliviweka viuavijasumu katika mafungu matatu: vya kutumiwa kwanza, vya kutumiwa kwa hadhari, na vya akiba. Seftriaksoni imo katika fungu la pili. Kwa nimonia kali ya mtoto, mwongozo wa shirika hilo huanza na ampisilini au penisilini pamoja na jentamaisini, dawa za zamani na za bei nafuu. Seftriaksoni hungoja hizo zishindwe. Mtoto anayeharisha bila damu kwa kawaida hahitaji kiuavijasumu chochote. Huhitaji maji ya chumvi na sukari, na zinki.

Wapo watakaodai kwamba dawa kali haina hasara. Hasara yake ni kwamba vimelea huizoea, na siku inapohitajika kweli haifanyi kazi. Tukio la namna hiyo si ndoto. Utafiti uliofanywa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 kwa watoto 1,828 waliolazwa, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa kati ya waliokutwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi katika damu, asilimia 43.5 walifariki. Miongoni mwa wenye malaria walifariki asilimia 20.2. Mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake hawaisikii alikuwa karibu zaidi na kaburi.

Hapana anayetaka mganga akae akisubiri majibu huku kichanga kinazimika. Dawa ianze mara moja. Lakini damu itolewe kwanza kwa ajili ya kuotesha vimelea, na baada ya siku mbili tatu daktari aamue upya: kuendelea, kubadili au kuacha. Pasipo maabara, uamuzi huo hugeuka kuwa bahati nasibu, na hapo si haki kumlaumu mganga peke yake.

Septemba 2024 mataifa yalikubaliana katika Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya viuavijasumu wanavyotumia binadamu duniani vitoke fungu la kwanza. Ahadi hiyo haitatimizwa New York. Itatimizwa na ofisa wa halmashauri ambaye, anapopunguza bajeti, haanzi na chupa za kuoteshea damu. Naye mwalimu aliyeketi kando ya kitanda cha mwanawe aache kuulizia sindano kali, aulize vipimo vimeonyesha nini, na dawa hii itakoma lini.