Kutoka kwa Bwana Shamba: Vita vya Mbali Viliingia Jikoni



Iko filamu moja fupi ya zamani. Vijana wenye simu wanaweza kuitafuta wakakuonyesheni. Picha zake ni nyeusi na nyeupe. Inaonyesha meli kubwa ya kivita ya Marekani, jina lake Missouri. Meli imetia nanga katika Ghuba ya Tokyo, nchini Japani. Siku hiyo ni tarehe 2 Septemba, 1945. Mabaharia wamejaa kila mahali. Wengine wamepanda juu ya mizinga ili waone. Katikati pana meza moja iliyotandikwa kitambaa.

Juu ya meza pana karatasi za kusalimu amri. Kusalimu amri ni kukubali kuwa umeshindwa na kuweka silaha chini.

Waziri wa Mambo ya Nje wa Japani, Mamoru Shigemitsu, anakuja akichechemea, mkongojo mkononi. Mguu wake mmoja ni wa bandia. Wa kwake aliupoteza kwa bomu huko Shanghai mwaka 1932. Anakaa, anatia saini. Anafuata Jenerali Umezu wa Japani. Kisha Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani, halafu wajumbe wa nchi tisa. Mjumbe wa Kanada anakosea mstari katika nakala ya Wajapani, na inabidi isahihishwe kwa kalamu. (Wewe uliye katika darasa la kisomo, usione haya ukikosea kujaza fomu.)

Mambo yote yanakwisha chini ya nusu saa. Vita vyenyewe vilianza mwaka 1939 na viliua mamilioni ya watu.

Mtu wa Makunduchi atauliza: hayo ya Tokyo yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa njia ya mchele.

Kabla ya vita, Zanzibar iliuza karafuu nje, na mchele ikanunua nje. Mchele mwingi ulitoka Burma, nchi ambayo siku hizi inaitwa Myanmar. Mwezi wa Machi 1942 jeshi la Japani liliteka Rangoon, bandari kubwa ya Burma. Mchele wa huko ukakatika. Vita hivyo havikuja kama vile vya tarehe 27 Agosti, 1896, Waingereza walipolipiga mizinga jumba la Sultani pale pwani ya mjini kwa muda usiofika saa moja. Safari hii viliingia kwa mlango wa jikoni. Watu walihimizwa kulima muhogo na mpunga. Chakula kikatolewa kwa mgao.

Mgao ule, kwa maoni yangu, ulidhuru kuliko uhaba wenyewe. Serikali ya kikoloni iligawa chakula kwa asili ya mtu. Waarabu na Wahindi walihesabiwa kuwa walaji wa wali, wakapewa mchele. Waafrika waliambiwa chakula chao ni mahindi na muhogo. Watu waliochota maji kisima kimoja wakaanza kuulizana: wewe ni nani? Karatasi za Tokyo hazikulifuta swali hilo. Njaa hupita mvua zikinyesha, lakini aliyenyimwa chakula kwa ajili ya kabila lake hasahau, na watoto wake huambiwa.

Wakati huohuo vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa Burma katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya. Mwaka 1944 walipigana katika bonde la Kabaw, ndani ya mvua, matope na malaria. Walipigana katika nchi ileile iliyokuwa ikitulisha.

Na nchi hiyo haikuinuka siku ya saini. Kabla ya vita Burma iliuza mchele nje kuliko nchi yoyote duniani. Baada ya vita ilikaa miaka mingi bila kurudi katika kiwango kile. Wanyama wa kulimia walikuwa wamekufa kwa wingi, na mashamba yalikuwa yamegeuka pori. Jenerali hutia saini kwa dakika moja. Ng'ombe wa kulima hukua kwa miaka.

Mpaka leo sehemu kubwa ya mchele tunaokula Zanzibar inatoka ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana nikifika Cheju au Bumbwisudi, nikiisha kuutazama mpunga, huuliza: na muhogo wako uko wapi? Wengine hunicheka.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuchagua vipando vya muhogo visivyo na batobato.