Mheshimiwa, nambari yangu uliitoa wapi?

Jamani, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017 nilipokea arafa kutoka kwa mwaniaji ambaye sijawahi hata kumsalimia. Alinijua kwa jina. Akanitajia na wadi yangu, kisha akaniomba kura. Nilipowaonyesha wenzangu kazini walicheka, kumbe nao walikuwa nazo, kila mtu na jina lake na wadi yake.

Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo niwaambie ukweli: kutuma arafa laki moja si kazi. Unafungua akaunti kwa kampuni inayouza arafa kwa wingi, unaandika mistari michache, programu yenyewe inachomeka jina la kila mtu. Kazi ni kupata faili yenye majina na nambari.

Na faili hiyo tunaijaza wenyewe kila siku. Ingia jengo lolote Nairobi, bawabu atakusukumia kitabu: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu. Mwaka huo wa 2017 IEBC nayo ilikuwa na huduma ya kukagua usajili: unatuma nambari ya kitambulisho kwa 70000, unajibiwa jina na mahali pa kupigia kura. Huduma nzuri, ila haikuuliza kama kitambulisho ni chako! Chukua kitabu cha bawabu, kiunganishe na majibu ya 70000, una jina, simu na wadi. Sisemi ndivyo mwaniaji wangu alivyofanya. Nasema mwanafunzi wa mwaka wa pili angeweza.

Mwaka 2008 huko Marekani, Obama aliahidi kumtangaza mgombea mwenza wake kwa arafa. Aliyetaka habari hiyo alituma ujumbe mwenyewe kwa 62262 (bonyeza OBAMA kwenye simu ya vitufe uone). Jina la Joe Biden lilitumwa usiku wa manane wa Agosti 23. Wanahabari walikuwa wameshalinasa, lakini kampeni ilibaki na nambari za watu waliojitoa wenyewe.

Kwetu tumehangaika zaidi na maneno, na sababu tunaijua. Arafa za chuki zilizagaa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Serikali ilifikiria kuzima huduma yote, na Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, akashauri watu watumiwe jumbe za amani badala yake. Kabla ya uchaguzi wa 2013 zikaja kanuni: arafa za kisiasa za wingi zikaguliwe na kampuni ya simu kabla ya kutumwa. Sawa kabisa. Lakini arafa niliyopata mimi ilijaa heshima tele, ingepita ukaguzi wowote wa maneno.

Tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na unaweza kupinga data yako kutumiwa. Basi kampuni ya simu, kabla ya kusoma maneno, idai ithibati kwamba wenye nambari walikubali. Na kila arafa ya kampeni iwe na nambari ya kujitoa, bila malipo.

Siku ile nilijaribu kumjibu mheshimiwa. Arafa yake ilikuja na jina mahali pa nambari, na jina la namna hiyo halipokei majibu. Simu ikaniambia ujumbe haukwenda.