Mguu ukivunjika Bunia, nani anahesabu?

Vijana wenzetu wa Bunia,

Leo hatuongelei kodi wala vizuizi vya barabarani. Tunaongelea mifupa.

Mwaka uliopita mukubwa wangu, motari, aligongwa na gari njia ya Mudzipela. Mfupa wa muundi ulitoboa ngozi ukatoka inje. Tulimbeba juu ya pikipiki ya mwenzake, mimi nyuma nikishika mguu. Kwa hospitali moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja, tuliambiwa: wekeni pesa kwanza. Tulizunguka kwa ndugu mpaka magaribi. Kidonda kilioshwa kesho yake. Wiki ya tatu, usaa. Sasa ni miezi kumi na moja, anatembea na fimbo, pikipiki iliuzwa juu ya kulipa faktire, na watoto wake wawili wanakula kwangu, mimi mwenye lisansi ya takwimu ambayo haijanipatia hata siku moja ya kazi.

Siandiki hii juu ya kumshitaki munganga. Ile usiku alikuwa peke yake, nilimuona. Kilichoniuma ni rejista. Siku ya kulipa niliona mstari wa mukubwa wangu: jina, tarehe, « mguu kuvunjika », dola zilizoingia. Kama alipona ama hapana, hakukuwa hata nafasi ya kuandika. Pesa tu ndiyo ilihesabiwa vizuri.

Na musituambie kama Ituri haijue kuhesabu! Wakati wa Ebola, Agosti 2018 mpaka Juni 2020, kila siku tulipewa hesabu: wagonjwa wapya, waliokufa, waliochanjwa. Mwisho ikajulikana: wagonjwa 3470, vifo 2287. Dunia iliogopa Ebola, ndiyo maana ilihesabu. Mguu wa motari hauambukize mtu.

Lakini hata wakubwa wa tiba wanaujua uzito wake. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilichagua operesheni tatu za kupima kama hospitali inaweza kazi ya upasuaji: kuzalisha kwa kupasua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliotoka inje. Ikasema mgonjwa apate kufika mahali pa hizo tatu ndani ya masaa mawili. Sisi tulifika kwa dakika ishirini. Masaa yetu yalipotelea ndani ya hospitali, na masaa hayo hakuna anayeyapima.

Uingereza, tangu 2007, hospitali zinaandika kila mzee aliyevunjika nyonga: alipasuliwa baada ya masaa ngapi, alikuwa hai baada ya siku 30. Vifo vya siku 30 vilitoka asilimia 10.9 mwaka 2007 vikafika 8.5 mwaka 2011. Mtasema wale wana pesa. Sawa. Basi angalieni SIGN, shirika la Marekani lililoanza 1999, linalogawa misumari ya mifupa bure kwa hospitali za inchi maskini. Munganga anatuma picha za radio za mgonjwa wake na habari za namna anapona, na misumari aliyotumia inarudishiwa. Hesabu ndiyo malipo.

Tunachoomba kwa Divisheni ya Afya ya Jimbo hakihitaji mashine. Kila hospitali ya mji ibandike ukutani, kila mwezi: mifupa mingapi iliyotoka inje ilipokelewa, masaa mangapi mpaka dawa ya kuzuia usaa na kuosha kidonda, wangapi walioza ama kukatwa mguu, wangapi wanatembea baada ya miezi sita. Iandikwe pia mgonjwa alifika baada ya siku ngapi, sababu hospitali inayopokea wenye kuchelewa kutoka Djugu ama Irumu isionekane mbaya bure. Kuna wanaoogopa kama watu wataona hesabu mbaya na kukimbilia wanyoosha mifupa wa mtaani. Wanakimbilia huko tayari, tena juu ya ile « pesa kwanza ».

Wakati tunangoja, tuanze sisi. Wewe ama ndugu yako mulivunjika tangu Januari? Tutumie ujumbe, bila jina la mgonjwa: siku na saa ya ajali, saa ya kufika, saa kidonda kilioshwa, na kama leo anatembea. Mimi nitahesabu. Nafasi ninayo.