UCHAMBUZI: Wenye sola wajihadhari, bima ya nyumba huenda isiwafidie ipasavyo

TANGU umeme ulipokatika karibu kote nchini usiku wa Agosti 25, 2023, na kuuacha hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta gizani, si wakazi wala wafanyabiashara wa Nairobi wanaohitaji kushawishiwa kuhusu faida za sola. Lakini fundi akishamaliza kazi na kulipwa, ni rahisi kusahau kuiarifu kampuni ya bima kwamba jengo limeongezewa mali.

Kusahau huko kwaweza kuleta hasara kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tuseme nyumba ina bima ya Sh8 milioni, kisha mwenyewe akafunga mitambo ya Sh2 milioni inayohesabiwa kuwa sehemu ya jengo. Thamani imefika Sh10 milioni, ilhali bima imebaki ile ile. Moto ukizuka jikoni na kuleta hasara ya Sh1 milioni, kampuni yaweza kulipa Sh800,000 pekee, kwa kuwa mikataba mingi ya aina hii humbebesha mteja sehemu ya hasara iwapo alikata bima pungufu. Sh200,000 zilizosalia zitatoka mfukoni mwake, hata kama moto haukuigusa sola.

Wizi nao una mtego wake. Bima ya wizi kwa kawaida hudai dalili za kuvunja na kuingia. Aliyepanda paa usiku na kufungua boliti hakuvunja mlango wala dirisha. Anayetaka kinga hapo sharti aombe paneli, inveta na betri zitajwe waziwazi mkatabani. Waranti ya muuzaji haisaidii. Hiyo ni ya kasoro za kiwandani, si ya wezi.

Mwenye duka la kupanga ana swali jingine: bima ya mwenye jengo haimfidii mpangaji kwa mali aliyoifunga mwenyewe. Na moto ukianzia kwenye nyaya, mkadiriaji hasara atauliza ni nani aliyezifunga. Kanuni za mwaka 2012 zilitaka fundi wa sola awe na leseni, hivyo nakala yake ihifadhiwe pamoja na risiti na nambari za vifaa.

Kampuni nazo haziwezi kukwepa lawama. Haziishi kumkumbusha mteja ada ya kila mwaka. Swali moja la ziada kuhusu kilichoko juu ya paa lisingezigharimu chochote. Kwa sasa ni mteja anayepaswa kuandika barua, na kudai ijibiwe kwa maandishi kabla mkataba haujafanywa upya.