Shule Zilifunguliwa, Ila Siyo kwa Kila Mtoto

Vijana wenzangu, kila tukigusa suala la Uviko, makada wa chama tawala wana jibu moja tu: "Sisi watoto wetu walirudi shule mapema." Leo tuwajibu kwa hoja, siyo kwa matusi.

Ni kweli, walirudi mapema. Shule zilifungwa Machi 17, 2020. Vyuo na kidato cha sita vikafunguliwa Juni 1, wengine wote wakarudi Juni 29. Kenya walianza na madarasa machache Oktoba, wote wakarudi Januari 2021. Uganda ilifungua kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili! Na tuseme ukweli: kukaa nyumbani kuliwaumiza zaidi watoto wa walalahoi. Kipindi cha masomo kwenye televisheni kinamsaidia nini mtoto ambaye kwao hata umeme hakuna? Kwa hiyo hatubishi kwamba watoto walipaswa kurudi. Tunachohoji ni namna walivyorudishwa.

Kwanza, takwimu. Za mwisho kitaifa zilitolewa Aprili 29, 2020: wagonjwa 480, vifo 16. Baada ya hapo, kimya. Miezi miwili baadaye mzazi anaambiwa ampeleke mwanawe darasani, bila kujua mkoani kwake kuna wagonjwa wangapi. Mwalimu anaambiwa watoto wakae mbalimbali, wakati hata siku za kawaida wanabanana kwenye dawati moja. Vigezo vilikuwa vipi? Tarehe ya kufungua ilitangazwa na Rais Magufuli Juni 16, kwenye hotuba ya kufunga Bunge. Sasa niambie, mbunge gani angesimama kuhoji, na Bunge ndiyo hilo linafungwa?

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi: mabinti. Shule zimefungwa, binti yuko nyumbani, anapata ujauzito. Juni 29 wenzake wanavaa sare, yeye mlango wake umefungwa. Tangu Juni 2017 Rais alikuwa ameshatamka kwamba aliyezaa harudi shule ya serikali. Kwa hiyo siku tuliyoambiwa taifa zima limerudi darasani, kuna watoto waliachwa nje kwa makusudi, siyo kwa sababu ya corona.

Ruhusa ya kurudi ilitangazwa na Waziri wa Elimu Novemba 24, 2021, miezi karibu 17 baadaye. Tuliipokea kwa furaha. Lakini jamani, tamko la mkubwa mmoja liliwatoa, na tamko la mkubwa mwingine likawarudisha. Haki inayotegemea nani yuko madarakani siyo haki, ni hisani.

Ndiyo maana tunadai mambo mawili. Haki ya binti kurudi shule iandikwe kwenye sheria ya Bunge, isiishie kwenye waraka. Na serikali ikifunga au kufungua shule kwa sababu ya ugonjwa, ilazimike kisheria kutoa takwimu na vigezo, na kuwasikiliza walimu na wazazi katika kila halmashauri.

Nawe usisubiri Bunge. Kwenye kata yako yupo binti ambaye hakurudi. Mtafute, ongea na wazazi wake, mwende naye kwa mwalimu mkuu. Halafu tuandikie ulijibiwa nini.