Fimbo ya mbali haiwashi taa mpakani

Aprili 1, 2025, usambazaji wa umeme nchini Uganda ulirudi mikononi mwa serikali. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni binafsi ya Umeme ulikuwa umemalizika siku moja kabla, na kampuni ya serikali ya UEDCL ikakabidhiwa nguzo, transfoma, mita na wateja. Sasa upo mpango mkubwa zaidi: kuiunganisha UEDCL na UETCL inayosafirisha umeme, pamoja na UEGCL inayosimamia mitambo ya maji, ziwe shirika moja la taifa.

Nani atakaa kiti cha juu kule Kampala si jambo linalowanyima usingizi wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Mutukula. Wanachouliza ni kama ofisi ya karibu itabaki, na kama ofisa atakayekaa humo atakuwa na uwezo wa kuamua, au kazi yake itakuwa kupokea malalamiko na kuyapeleka mbele.

Hofu hiyo ina msingi. Muundo wa sekta hii umebadilishwa mara nyingi. Bodi ya Umeme ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilivunjwa mwaka 2001 na kuzaa kampuni hizi tatu. Mwaka 2005 usambazaji ukapewa Umeme. Mwaka 2021 wakala wa umeme vijijini ulifutwa na kazi zake kuhamishiwa wizarani. Sasa, baada ya takriban robo karne, safari inaelekea kulekule ilikoanzia. Kila mabadiliko yanapokuja, mteja huanza upya kutafuta mlango wa kubisha.

Tukubali kwamba serikali ina hoja. Kampuni tatu maana yake ni bodi tatu, menejimenti tatu na gharama ambazo mwisho wake hulipwa na mnunuzi wa Yaka. Mkataba wa zamani nao ulimhakikishia mwekezaji faida ya asilimia 20, jambo lililolalamikiwa kwa miaka mingi. Lakini ni haki pia kukumbuka kwamba katika kipindi hicho upotevu wa umeme ulishuka kutoka takriban asilimia 38 hadi chini ya asilimia 20. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi wanaozijua laini zao, nguzo kwa nguzo. Ujuzi huo haumo kwenye hati ya makabidhiano.

Uganda haina tena njaa ya umeme kama zamani. Mitambo yake, mingi ikiwa ya maji, ina uwezo wa zaidi ya megawati 2,000, na Karuma peke yake ni megawati 600. Tatizo limebaki kwenye hatua za mwisho, kutoka kituo cha kupoza umeme hadi dukani. Hapo ndipo ofisi ya mkoa inapohitajika. Transfoma ikiungua Ijumaa jioni, mwenye mashine ya kusaga anasimamisha kazi, mchomeleaji anapoteza oda, na mwenye samaki anatazama barafu ikiyeyuka huku lori la mteja wake likiwa bado upande wa pili likisubiri karatasi. Jenereta inaokoa mzigo, ila inakula faida yote ya safari.

Jambo hili pia halihusu Uganda pekee. Chini ya makubaliano ya mwaka 1955, umeme wa Jinja uliuzwa Kenya kwa miongo mingi, na mkoa wa Kagera nchini Tanzania ulitegemea laini ya kutoka Masaka kwa miaka mingi. Anayepanga ofisi za umeme za Uganda anagusa mifuko ya majirani, hata kama hawana kura huko.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, kabla ya kampuni kuunganishwa, orodha ya ofisi zitakazobaki itangazwe, wilaya kwa wilaya, na wafanyabiashara wasikilizwe kabla haijapitishwa. Pili, meneja wa eneo la mpakani awe na akiba ya transfoma na nyaya, na ruhusa ya kuzitumia bila kusubiri saini ya makao makuu. Tatu, mafundi wazoefu wasipotezwe kwa kuchelewesha mikataba yao ya ajira. Nne, ratiba ya kukata umeme kwa matengenezo ipelekwe pia kwa maofisa wa forodha na vyama vya wafanyabiashara wa pande zote mbili, ili mwenye mzigo unaoharibika ajue siku ya kusafiri na siku ya kukaa.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Anayejiunganishia waya usiku anaiua transfoma inayomlisha yeye na jirani yake. Vyama vya mpakani viandike kumbukumbu za kila umeme unapokatika: tarehe, saa na hasara. Malalamiko yenye tarehe ni magumu kuyapuuza kuliko kelele za sokoni.

Shirika moja linaweza kuwa jambo jema. Lakini wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Serikali iunganishe bodi na menejimenti ikitaka. Ofisi ya Busia na ile ya Mutukula ziachwe karibu na watu, na zipewe nguvu ya kufanya kazi.