Laptopu ya Zamani Isiwagombanishe
Laptopu imechoka: mmoja anataka mpya, mwenzie anawaza kodi ya nyumba. Ni kweli, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kuingia benki kwa mashine isiyolindwa ni hatari. Lakini msiitupe! Ipo Linux Mint, ya bure kabisa, inayotosheka na memori ya GB 4. LibreOffice ya kuandikia ripoti za ofisi imo humo humo. Iwekeni kwenye flashi, muwashie kutoka hapo na kuijaribu bila kufuta kitu. Mkiipenda, hamisheni kwanza picha za harusi. Ikishafuta diski, imefuta. Kodi ilipwe, mapenzi yaendelee!